“Kumbe Unaongea Vizuri!” Wasomaji wa Kigoma na Tabora Wauliza Kuhusu Filamu na Dharau za Kila Siku

Barua za safari hii zimetoka karibu zote kwenye njia moja ya reli, kati ya Tabora na Kigoma, na zinazunguka jambo moja: ubaguzi usiotukana. Tumezifupisha. Majina ya walioandika hatukuyataja.

Anayesifiwa anabaguliwaje?

*Habari za kazi wahariri. Hosteli kwetu tuliangalia Get Out. Kwenye ile sherehe ya nyumbani kwa wakwe, wazungu wote wanamsifia Chris: ana mwili mzuri, ana nguvu, mmoja anamwambia weusi ndio mtindo wa sasa. Sisi tulicheka. Mwenzetu mmoja akasema ubaguzi uko pale kuliko kwenye damu yote ya mwisho. Anayesifiwa anabaguliwaje? – Mwanafunzi, Tabora*

Mwenzenu ameiona filamu vizuri. Irudieni hiyo sherehe mkiwa na kalamu, muandike kila anachoambiwa Chris. Yeye ni mpiga picha, na ndiyo kazi inayompa jina mjini. Mzee wa gofu anamletea habari za Tiger Woods na kutaka amwoneshe anavyopiga mpira. Mama mmoja anambonyeza msuli wa mkono, kisha anamgeukia Rose, mpenzi wa Chris, na kumuuliza swali la chumbani. Kabla ya hapo baba yake Rose alishasema kwamba Obama angegombea muhula wa tatu angempa kura. Wote hao wanaongea na rangi yake. Anayezungumzia picha zake kwa dhati ni mmoja tu, kipofu mwenye duka la sanaa, na mwishoni mnajua alikuwa anataka nini: macho yake.

Hapo ndipo Jordan Peele, aliyeitunga na kuiongoza mwaka 2017, alipotega mtego. Wageni walikuwa wanakagua mali kabla ya mnada. Kwa msomaji wa Tabora, mji uliopitisha misafara ya watumwa kwenda pwani, hatuna haja ya kueleza mnunuzi anabonyeza msuli wa mtu kwa nini.

Jambo lenyewe lilipewa jina la Kiingereza, microaggression, mwaka 1970 na Chester Pierce, daktari Mmarekani mweusi wa magonjwa ya akili aliyefundisha Harvard. Huyohuyo alikuwa mshauri wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, kwa hiyo tangu mwanzo wazo hili lilikaa jirani na luninga. Mwaka 2007 Derald Wing Sue wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake waliligawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni shambulio la makusudi, kama kumwita mtu jina baya au kumruka kwenye foleni ya huduma. La pili ni tusi lililofichwa ndani ya sifa au mshangao, na mara nyingi msemaji mwenyewe halijui. La tatu ni kufuta: “Mimi sioni rangi,” “Unajihisi tu,” “Kwenu hasa ni wapi?” Sisi tunayaita yote dharau ndogo, na mtatuvumilia hadi lipatikane neno bora.

Msichanganye na kijembe. Kijembe mrushaji anakijua, mlengwa anakijua na majirani wanakijua, na ukitaka kujibu unavaa khanga yenye jina lako la majibu ukapita nayo mbele ya mlango wake. Dharau ndogo haina uwanja huo. Msemaji amelala usingizi wake, anaamini amefanya wema, na wewe ukijibu unaonekana mkali usiyejua kupokea sifa. Ni kama mchanga kwenye ugali wa muhogo. Punje moja huijui hadi jino liigonge, na kuanzia hapo kila tonge unalitafuna kwa tahadhari, hata lile lisilo na kitu.

Tahadhari hiyo ndiyo vigumu kuionesha kwenye filamu. Tusi ni rahisi, linahitaji mwigizaji mwenye sauti tu. Dharau ndogo inataka irudiwe, na baada ya kila sentensi mwongozaji aamue kamera ibaki kwa nani. Kwenye sherehe ile inarudi tena na tena usoni kwa Daniel Kaluuya, anayemwigiza Chris, kwenye tabasamu la adabu linalozidi kukakamaa. Mkicheka tena safari ijayo si dhambi, filamu ina vichekesho vyake, hasa yule rafiki yake Chris, Rod. Ila angalieni mnacheka kamera ikiwa kwa nani.

Natafsiri, watu wanacheka pasipo pake

*Mimi natafsiri filamu kwa ajili ya vibanda umiza, niko Ng'ambo, Tabora. Za mapigano hazinisumbui. Lakini filamu za ubaguzi nikitafsiri, watu wanacheka mahali pa huzuni, au wanauliza huyu jamaa kakasirikia nini. Nakosea wapi?*

Tumefurahi kuulizwa na fundi. Makosa ni mawili na yanaenda pamoja: unaongeza chumvi, na unajaza ukimya.

Chumvi kwanza. Mzungu kwenye filamu anasema kwa upole, “Nyie watu mna midundo kwenye damu,” mtafsiri anaona halijakolea, analigeuza “Nyani nyie!” Ukumbi unaamka, lakini umeshawafundisha watazamaji kwamba mbaguzi ni mtu mwenye mdomo mchafu, na yule mwenye mdomo safi amepita huru. Kiswahili kina vifaa vidogo vinavyobeba dharau bila tusi. Vitumie hivi:

“Kumbe.” Sentensi ya Kiingereza ya kumsifu mtu mweusi kwamba anaongea vizuri, ukiitafsiri “Unaongea vizuri,” inakuwa sifa tupu. Sema “Kumbe unaongea vizuri!” Mshangao ndio dharau yenyewe, na “kumbe” ndiyo inayoubeba.

“Nyie,” “nyinyi” na “wenzetu,” anapoambiwa mtu mmoja aliyesimama peke yake. Mtazamaji wa Tabora atageuka kutafuta hao wengine wako wapi, na hapo umempata.

“Hata.” “Hata mimi nina rafiki mweusi.” Usiiache.

“Mwanangu,” kwa maana ya mtaani. Baba yake Rose anajilazimisha lugha ya vijana weusi akiongea na Chris. Ukimfanya aseme “ndugu yangu” unampa heshima ambayo mwongozaji hakumpa. Mzee wa makamo anayemwita mkwe “mwanangu” kwa lafudhi ya kijiweni anachekesha na kuudhi kwa wakati mmoja, kama inavyotakiwa.

“Boi.” Filamu za Marekani ya zamani zimejaa wazungu wanaomwita mzee mzima kwa neno la mtoto wa kiume. Watafsiri wengi wanasema “kijana,” na makali yanaisha. Sisi tunalo neno lilelile tulilorithi kutoka majikoni kwa wakoloni, ambako mtu mwenye wajukuu aliitwa boi. Sema “boi.” Wazee ukumbini watanyamaza kabla yako.

Tusi kuu la Wamarekani dhidi ya watu weusi usilitafutie tafsiri. Acha lisikike lenyewe, kisha sema kwa sauti yako ya kawaida, “Amemwita kwa tusi la utumwa,” uendelee. Ukiweka “nyani” kila mahali, siku atakapoitwa nyani kweli hutakuwa na neno.

Mfano wa sentensi ngumu: Do the Right Thing ya Spike Lee, 1989, siku moja ya joto kali Brooklyn. Mookie, mfanyakazi mweusi wa duka la piza, anambana Pino, kijana wa mwenye duka, amtajie watu anaowahusudu. Yanatoka majina kama Magic Johnson na Eddie Murphy, na matusi yake ya kila siku ni kwa watu weusi. Akibanwa anajitetea kwamba hao ni tofauti, si weusi hasa. Tafsiri “Wale ni maarufu” inaua kila kitu. Jaribu: “Wale wamepita weusi.” Halafu nyamaza.

Ndiyo, ukimya. Kwenye filamu hizi sekunde mbili au tatu baada ya sentensi ndizo zenye uzito, na mtafsiri kwa mazoea ya filamu za ngumi anazijaza utani wake. Aliyedharauliwa anageuka kichekesho, nawe ndiye umemgeuza. Unapoongea shusha sauti ya asili kwa desibeli 10 hadi 15, ukimaliza ipandishe palepale hadi ilipokuwa, ili pumzi, vijiko na viti visikike. Hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo kabla ya neno lako linalofuata. Ukiacha sauti ya asili imezama muda wote, ukimya unageuka kuwa kosa la mitambo na watu wanapiga miluzi.

Kabla hujasambaza, wawekee watu watano au sita ambao hawajaiona, kaa nyuma yao, andika dakika ya kila kicheko. Rudi kwenye filamu ya asili uangalie dakika hizo. Kama mwongozaji mwenyewe alitaka kicheko, sawa. Kama kamera ilikuwa kwenye uso wa aliyeumizwa, rekodi upya kipande hicho tu.

Idhini ya mwenye filamu na kibali cha Bodi ya Filamu hukutuuliza. Vipo, na vinakuhusu.

“Mrundi” wa mapokezi

*Salaam. Nimezaliwa Kasulu, nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni Tabora mjini. Wenzangu wananiita Mrundi. Wageni wakisikia lafudhi yangu wanaomba kitambulisho kwa mzaha. Bosi anacheka, anasema ni utani. Ngozi yetu ni moja. Je, haya nayo ni yale ya kwenye filamu, au najihisi?*

Hujihisi, dada. Rangi haihusiki hapa, lakini utaratibu ni uleule: swali dogo linaloulizwa kila siku, linalokutoa nje ya nyumba yako, na ukikasirika unaambiwa huna utani.

Tuanze na huo utani, maana umetajwa bila heshima yake. Utani wa makabila, ambao Wanyamwezi waliusambaza sana kwenye njia ya misafara hadi pwani, una masharti. Pande zote mbili zina ruhusa sawa. Mtani anayekuchokoza leo ndiye anayekuja kufanya kazi kwenye msiba wako kesho. Jipime hivi: wewe ukimtania bosi kwa kabila lake mbele ya wageni, atacheka vilevile? Kama jibu ni kibarua kuota nyasi, huo si utani.

Kuhusu neno lenyewe. Kiha na Kirundi vinasikilizana kwa sababu ni lugha ndugu, na mpaka uliowatenganisha wasemaji uliwekwa na wengine, pale Ubelgiji ilipopewa Ruanda-Urundi na Uingereza ikapewa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Isitoshe, mwaka 2014 serikali iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972 na watoto wao, na moja ya makazi yao makubwa ni Ulyankulu, hapohapo mkoani Tabora. Anayekejeli kwa neno hilo anaweza kuwa anamkejeli Mtanzania mara mbili. Kwa sababu hiyo hatukushauri upaze sauti “Mimi si Mrundi!” kana kwamba umerushiwa tope. Utakuwa umeichukua dharau mkononi na kumpitishia jirani.

Mgeni anayeomba kitambulisho kwa mzaha, mjibu kwa swali fupi na sauti ya kazi: “Unakihitaji kwa ajili ya nini?” Usieleze wala usicheke. Mzaha unaolazimika kujieleza hufa wenyewe, na kama ana sababu ya kweli ataisema. Mwenzako wa kila siku mwambie mkiwa wawili, si mbele ya watu, ukitaja neno na siku: “Jana mbele ya wageni wa chumba namba nne uliniita hivi. Naomba uniite jina langu.”

Bosi ni suala jingine, kwa kuwa ana wajibu wa kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mbalimbali, ikiwamo rangi, utaifa na kabila au mahali mtu alipotoka, na inahesabu unyanyasaji wa misingi hiyo kuwa ubaguzi. Weka daftari: tarehe, saa, maneno yenyewe bila kuyapamba, nani alikuwepo. Matukio matano yaliyoandikwa siku yalipotokea yana nguvu kuliko malalamiko ya “kila siku.” Mpe bosi barua fupi, ubaki na nakala yenye saini ya kupokelewa. Asipochukua hatua, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 60. Ukifukuzwa kazi muda unapungua, ni siku 30. Wengi hupoteza haki yao hapo kwa kusubiri bosi “atulie.”

Nianze na filamu ipi darasani?

*Mimi ni mwalimu wa sekondari Ujiji. Klabu yetu ina wanafunzi 45 wa kidato cha tatu na cha nne, projekta moja na vipindi viwili vya pamoja, dakika 80. Umeme unakatika. Nataka mada hii bila vurugu.*

Anza na La Noire de… ya Ousmane Sembène wa Senegali, 1966. Ina urefu wa saa moja hivi, inatosha kipindi chako, na haina tusi la kuwafanya wanafunzi wapige kelele. Diouana anachukuliwa Dakar kwenda kulea watoto Antibes, Ufaransa. Akifika anageuzwa mpishi na mfagizi. Kuna mlo mmoja ambao unabeba somo zima: wageni wanakula wali wake, mwanamume mmoja mzee anambusu kwa kuwa hajawahi kumbusu mwanamke mweusi, na wanajadili mbele yake kama anaelewa Kifaransa, wakihitimisha kwamba anaelewa kwa silika, kama mnyama. Mezani kila mtu anatabasamu, na Diouana tunamsikia moyoni tu, kwa sauti isiyotoka kinywani.

Itazame peke yako kwanza. Mwishoni Diouana anajiua. Mwambie mwalimu wa malezi mapema, waambie wanafunzi kabla ya kuanza, na usipange onesho liishie kengele ikilia. Kama huna uhakika na darasa lako, simamisha filamu kabla ya hapo na usimulie mwisho kwa mdomo.

Mpango wenyewe: dakika 5 za utangulizi, kisha filamu, na kipande cha mlo ukicheze mara mbili, mara ya kwanza bila sauti. Vikundi vya watu watano, kila kikundi karatasi yenye safu tatu: kilichosemwa, uso wa aliyeambiwa, na nani mwingine alikuwepo akanyamaza. Safu ya tatu ndiyo huzaa mjadala mzuri. Filamu iwe ndani ya kompyuta mpakato yenye chaji kamili. Umeme ukikatika, kipande cha dakika tano kinaonekana kwenye kioo cha kompyuta kwa vikundi viwili viwili.

Mambo hayaharibikii kwenye filamu, yanaharibikia kwenye swali la mwalimu. Ukiuliza “Nani mbaguzi hapa?” darasa linakuwa mahakama, na baada ya dakika tatu wanabishana kama yule mama aliyemwajiri Diouana alikuwa na nia mbaya. Nia haipimiki kwenye kioo. Uliza kilichobadilika usoni kwa Diouana. Kosa la pili ni kumgeukia mwanafunzi mwenye ualbino, au yule wa asili ya Kikongo au Kihindi, umwambie “Hebu tuambie wewe.” Akitaka atasema. Ukimwita, umeigiza filamu mbele ya darasa.

Mwezi unaofuata weka Hidden Figures ya 2016, habari ya wanahesabu wanawake weusi wa NASA. Birika la kahawa lililotengwa kwa ajili ya Katherine Johnson baada ya yeye kujimiminia kahawa ya wenzake ni dharau ndogo safi kabisa, hakuna aliyesema neno. Halafu wape kazi ya nyumbani juu ya tukio la mkuu mzungu kubomoa kibao cha choo cha weusi. Halikutokea. Mkuu huyo ni mhusika aliyetungwa kwa kuunganisha watu kadhaa, na Johnson mwenyewe alikuwa akiingia choo kisicho na kibao tangu zamani bila kuomba ruhusa. Waulize kwa nini filamu ilimnyang'anya ujasiri huo ikampa bosi.

Crash, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2006, tungeiacha mwisho. Humo ubaguzi unapigiwa kelele barabarani na karibu kila mtu, na mtazamaji mpole anatoka amejisamehe.

Kwenu wapi?

*Nimezaliwa Tabora, baba yangu pia, duka letu lina umri kuliko uhuru. Bado naambiwa “Mhindi, Kiswahili chako kizuri,” na “kwenu wapi?” Mbona mada hii mnaijadili kama yetu si dharau?*

Umetubana, na ni haki yako. “Kiswahili chako kizuri” kwa mtu aliyejifunza Kiswahili kabla ya kujua kutembea ni “kumbe” ileile ya juu. Ibara ya 13 ya Katiba, inapofafanua kubagua, inataja rangi na pahala mtu alipotoka bila kusema rangi ipi.

Tafuta Mississippi Masala ya Mira Nair, 1991. Familia ya Kihindi inafukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, inaangukia Mississippi, na huko binti yao anapompenda Mmarekani mweusi, Denzel Washington, ni ndugu zake Wahindi wanaokunja uso. Kilichomuumiza baba kuliko amri ya Amin ni sentensi ya rafiki yake wa utotoni, Okelo, aliyemwambia kwamba Afrika ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Filamu haimwachii mtu yeyote kiti cha malaika, na hatudhani dukani kwenu, upande wa ndani wa kaunta, mambo yako tofauti sana.

“Punguza mikato, na mtafute mwigizaji mweupe kidogo”

*Niko Mwanga, Kigoma. Nimetengeneza filamu fupi ya afya kwa ajili ya vijiji. Waliotoa kazi wameirudisha: picha zikae muda mrefu kwa sababu watu wa vijijini hawawezi kufuata mikato ya haraka, na nyuso hazionekani, kwa hiyo nibadilishe mwigizaji. Nijibu nini?*

Hoja ya kwanza ina umri mkubwa. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, mradi wa Waingereza wa filamu za kuelimisha ulitengeneza filamu 35 za kuwaonesha Waafrika. Kisha mwaka 1939 kikaanzishwa Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na mkuu wake William Sellers alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma huchanganywa na mikato ya haraka na hila za kamera, kwa hiyo kila kitu kiende taratibu. Wajukuu wa watazamaji hao leo wanakaa kibanda umiza wakifuata filamu ya kung fu yenye mikato isiyohesabika, imetafsiriwa juu kwa juu, na mtoto wa miaka saba anakueleza nani alimuua nani.

Usibishane kwa maneno. Tengeneza nakala mbili, ya kasi yako na ya taratibu, kila moja uioneshe watu 10 hadi 15 katika kijiji kilekile, halafu uliza maswali matatu ya yaliyomo. Peleka majibu. Punguza kasi panapostahili tu: maandishi kwenye kioo, kipimo cha dawa, hatua za mikono. Na kama hawakuelewa, jiulize kwanza kama Kiha kingefaa kuliko Kiswahili cha Dar es Salaam.

Nyuso, hapo kuna ukweli wa kiufundi uliopewa hitimisho baya. Kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zilisawazisha picha kwa kadi yenye mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Waliosaidia kuisukuma Kodak ishughulikie rangi za kahawia ni watengeneza chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Kamera za leo zinaweza, ila ukiiachia ijipimie mwanga yenyewe, inapima wastani wa picha nzima. Uso mweusi mbele ya ukuta mweupe, juu ya shati jeupe la sare, unazama.

Msogeze mwigizaji mita mbili kutoka ukutani, au tafuta ukuta wa udongo au wa rangi. Badili shati jeupe liwe la rangi. Kwenye simu, bonyeza uso kwa kidole na ushikilie hadi kipimo kijifunge. Usimwelekezee taa kali ya mbele, itaacha doa jeupe la paji la uso na mashavu gizani. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana unaoakisiwa: tandika shuka jeupe upande mmoja, mita moja na nusu hivi kutoka usoni, jua au taa ipige shuka, shuka limpige mtu. Mafuta kidogo ya ngozi yanasaidia mwanga kushika, poda ya kukausha inaleta majivu. Piga saa moja hadi tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Saa sita mchana macho yanakuwa mashimo, kwa rangi yoyote ya mtu.

Watanzania wa Gombe wako wapi?

*Naendesha boti za wageni kwenda Gombe. Filamu za huko zinaonesha mzungu na sokwe. Sisi tunapita nyuma ya picha. Nayo ni dharau ndogo?*

Ndiyo, ya fungu la tatu, kufuta. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 na kazi yake haipunguzwi na hili. Lakini kufuata sokwe kutwa nzima na kuandika wanachofanya kumefanywa kwa miongo mingi na Watanzania. Shambulio lililofungua vita vya sokwe vya Gombe, la Januari 1974 dhidi ya dume aliyeitwa Godi, lilishuhudiwa na Hilali Matama. Sokwe aliyepigwa ana jina kwenye masimulizi mengi, na aliyesimama msituni akaona hutajwa mara chache.

Wapigaji filamu wakikodi boti yako, yaweke haya kwenye makubaliano kabla ya fedha: jina lako na kazi yako viandikwe chini ya picha unapoonekana na mwishoni mwa filamu, Kiswahili chako kitafsiriwe maneno yake badala ya kuandikwa “anaongea lugha ya kigeni,” na ukiongea Kiingereza kinachosikika usiwekewe maandishi chini kama wengine hawawekewi. Waandikie jina lako kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Wanalikosea wakilisikia tu.